Mayai 212 ya wifi: kisa cha unyevu kwenye mashine ya kutotolesha

Wifi yangu anakaa Ngaramtoni, Arusha, upande wa mlimani, mahali ambapo mwezi wa saba asubuhi huuoni hata mparachichi ulio uani kwako. Mimi nakaa Moshi, Pasua, ambako mwezi huohuo tukivaa sweta moja tunasema baridi imezidi. Natanguliza hilo kwa sababu sehemu ya kisa hiki imetokana na tofauti ya hali ya hewa ya huko na huku, na sehemu iliyobaki imetokana na mdomo wangu.

Natotolesha vifaranga nyumbani mwaka wa tisa sasa, kienyeji na chotara, kwa mashine ndogo niliyoiweka kwenye chumba cha watoto waliokwisha kuondoka. Wifi alipoona nauza vifaranga bila kuhangaika kutafuta wateja, naye akatengenezesha ya kwake kwa fundi: boksi la plaiwudi la mayai 90, balbu mbili, feni ya kompyuta, thamostati, kioo mlangoni, na kile kipima unyevu kidogo cheusi kinachouzwa kila duka la vifaa vya kuku. Matundu ya hewa manne, mawili chini na mawili juu. Sakafuni sahani mbili za bati za kuwekea maji.

Akanipigia simu. "Wifi, maji niweke kiasi gani?"

Nikamjibu huku nakoroga uji: "Jaza sahani zote mbili, usiache zikauke mpaka watoke."

Ndivyo nilivyokuwa nafanya miaka yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Masika: vifaranga waliofia majini

Mayai 80 ya mzunguko wa kwanza yalitoka kwa kuku wangu. Yalisafiri kwa basi hadi Arusha, kilomita 80 hivi, na wifi akayapumzisha usiku mzima kwenye trei, upande butu juu, kabla ya kuyaingiza. Hapo hakukosea, maana yai lililotikiswa njiani linataka kutulia kwanza. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua inanyesha mchana na usiku. Joto alilishika kwenye 37.6, akageuza mayai mara tatu kwa siku, na kipima unyevu kilisoma kati ya 50 na 54 tangu siku ya kwanza. Kwa mashine yenye feni, asilimia 45 hadi 55 ndiyo tunayoitafuta kwa siku 18 za mwanzo, kisha 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Kwa hiyo kwenye daftari lake kila kitu kilikaa sawa. Alipomulika kwa tochi siku ya 7 na ya 14 aliondoa mayai 14: yasiyo na mbegu 11, na matatu yenye pete ya damu, dalili ya kifaranga aliyekufa mapema. Yakabaki 66, yote yana kifaranga anayecheza.

Walitoka 31.

Nilimwambia asitupe hata moja, nikapanda basi kesho yake. Watu wengi mayai yaliyogoma huyatupa jalalani siku hiyohiyo, na mimi nawaelewa, harufu yake haina mgeni wala mwenyeji. Lakini majibu yamo humo. Tulitandika gunia nyuma ya banda, nikachukua kijiko cha chai na beseni la maji ya sabuni, nikaanza kuyapasua moja moja kuanzia upande butu, kwenye chumba cha hewa.

Yai la kwanza kabisa lilinipa picha. Chumba cha hewa kilikuwa kidogo, upana wake kama sarafu ya shilingi 200. Kwa siku ya 21 kinatakiwa kuwa kimekula robo ya yai na zaidi kidogo. Nilipochana utando, maji yakamwagika kwenye vidole, ute mwembamba wa rangi ya chai ya rangi. Kifaranga alikuwa mkubwa, kajaza ganda lote mpaka hana pa kugeuzia shingo, tumbo limevimba na sehemu ya kiini bado iko nje ya kitovu. Mdomo haukuwahi kufika kwenye hewa. La pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa limedonolewa, na kwenye tundu dogo pale ute ulikuwa umegandia puani kwa kifaranga. Katika mayai 35, nilihesabu 27 yaliyofanana namna hii.

Kinachotokea kinaeleweka vizuri ukijua kazi ya hicho chumba cha hewa. Ganda la yai lina vitundu maelfu, na kwa siku zote 18 yai linapumua na kupoteza maji kupitia humo. Maji yakitoka, hewa inaingia na kujaza nafasi upande butu. Siku ya 19 hivi kifaranga anachoma utando wa ndani kwa mdomo, anaingiza kichwa kwenye hiyo hewa na kuvuta pumzi ya kwanza kwa mapafu yake. Hapo ndipo anapopata nguvu ya kupiga ganda. Kama yai halikupoteza maji ya kutosha, hiyo hewa ni kidogo, nafasi ya kugeuka hakuna, na maji yaliyobaki yanamwingia puani. Kusema kweli anazama, akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kusema neno. Joto dogo nalo huleta vifaranga wakubwa wenye matumbo laini, lakini joto dogo linachelewesha. Hawa walianza kudonoa siku ya 20 na kufikia jioni ya 21 walikuwa wamemaliza. Ubovu wa jogoo nao haumo, maana yai lisilo na mbegu halifi siku ya 20, halianzi kabisa. Na wale 31 waliotoka walitoa ushahidi uleule: wazito, wamelowa, wanalala chali, vitovu havijafunga. Watano walikufa ndani ya wiki.

Unyevu ulizidi, basi. Lakini kipima kilisoma 52! Nikainama kuangalia mashine vizuri, nikaona matundu mawili ya juu yamezibwa kwa vipande vya kanga. Wifi akasema balbu zilikuwa haziwahi kuzimika, umeme unakwenda, chumba cha stoo kina baridi, ndiyo akaziba ili joto lisitoroke. Ukiziba tundu la juu, mvuke wa sahani mbili hauna pa kutokea. Na hewa chafu anayotoa kifaranga haina pa kutokea pia, jambo ambalo siku za mwisho ni baya kuliko unyevu wenyewe.

Hapo nikasema sentensi iliyoharibu mzunguko wa pili. Nilisema: "Wifi, hicho kipima chako kinadanganya. Kitupe. Na maji uliweka mengi mno."

Vyote viwili vilikuwa kweli. Ila sikumwambia aweke nini badala yake.

Mwezi wa saba: vifaranga waliokaukia ndani

Mtu aliyeungua uji hupuliza hata mtindi. Wifi alizibua matundu yote manne, akang'oa kipima, akatoa sahani zote mbili. Jirani yake, anayetotolesha pia, alimtia moyo: "Huu ukungu wote unaoingia mlangoni, wewe unaongeza maji ya nini tena?" Akaingiza mayai 72 mwishoni mwa mwezi wa sita, kwenye stoo ileile, bila tone la maji hadi siku ya 18. Siku hiyo akamimina maji ya uvuguvugu kwenye sahani zote mbili kama kila mtu anavyosema, akafunga mlango.

Hoja ya ukungu inavutia mno, ndiyo maana nataka kukaa nayo hapa. Mimi mwenyewe ningeikubali.

Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 13, hata ikiwa imeshiba kabisa mpaka ukungu unaonekana, ina mvuke wa gramu 11 hivi. Hewa hiyohiyo ikiingia kwenye mashine na kupashwa hadi nyuzi 37.5, ina uwezo wa kubeba gramu 45. Maji ni yaleyale 11, lakini chombo kimekuwa kikubwa mara nne. Kwa hiyo hewa uliyoiona nje imelowa, ikifika kwenye mayai ni hewa ya asilimia 25 au chini ya hapo. Ni kame, na inayanyonya mayai. Ukungu wa Ngaramtoni kwenye mashine ni sawa na upepo wa nyikani. Na kadiri asubuhi inavyokuwa ya baridi zaidi, ndivyo mashine inavyokauka zaidi, hata kama nje nguo haziwezi kuanikwa siku tatu.

Kuna na jambo la mwinuko, ambalo halizungumzwi sana kwetu wakati sisi ndio watu wa milimani. Moshi mjini ni mita 800 na kitu juu ya bahari. Arusha katikati ni 1,400 hivi, na Ngaramtoni iko juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke unapenya kwenye vitundu vya ganda kwa urahisi zaidi. Kati ya Pasua na kwa wifi tofauti nakadiria haizidi asilimia 8 au 9, kwa hiyo nisiikuze. Ila inaelemea upande uleule wa ukame.

Mayai 72: kumi hayana mbegu, manne yana pete ya damu, 58 yakafika mwisho. Wakatoka 24.

Safari hii sikuhitaji kumwambia mambo ya gunia. Nilikuta amelitandika. Vifaranga wa ndani walikuwa wadogo, wepesi, na utando umewabana kama karatasi ya nailoni iliyopitishwa karibu na moto: mkavu, mgumu, wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Manyoya yamegandia humo. Wengi walikuwa wametoboa tundu, mdomo uko nje, na jino lile jeupe la kutobolea bado linaonekana, lakini hawakuweza kuzunguka kukata ganda. Chumba cha hewa kwenye mengi kilikuwa kimemeza theluthi nzima ya yai.

Lakini yalikuwapo 11 ambayo yalinisumbua. Chumba cha hewa si kikubwa hivyo, kifaranga ana ukubwa wa kawaida, na bado utando umemkaukia. Nikamuuliza wifi swali ambalo hakulipenda: siku ya 20 na 21 ulifungua mlango mara ngapi?

Akaangalia pembeni. "Sasa wifi, nisifungue? Kifaranga analia humo ndani."

Alifungua mara nane au tisa. Mara amtoe aliyekauka, mara amsaidie aliyekwama, mara mtoto wake apige picha. Kila mlango ukifunguliwa kwenye chumba cha nyuzi 14, hewa yote ya joto na mvuke inamwagika nje kwa pumzi moja, na hewa kame inaingia. Joto linarudi baada ya dakika chache, ila mvuke unahitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu lazima utoke kwenye maji kidogokidogo. Yule aliyekwisha kutoboa ganda ndiye anayeadhibiwa: utando wake uko wazi kwenye lile tundu, unakauka, unamfunga.

Kwa hiyo palikuwa na ukame wa aina mbili ndani ya mashine moja, na dawa zake hazifanani. Ukame wa siku 18 unauona kwenye chumba cha hewa, na maji ya siku ya 18 hayaurudishi. Yai halinywi. Ukame wa mlango unauona kwenye utando peke yake, na dawa yake ni kukaa mbali. Kifaranga akishatoka, kiini alichokivuta tumboni kinamtosha siku mbili bila chakula wala maji. Anaweza kusubiri wenzake humohumo. Na yule aliyetoboa halafu akanyamaza saa 10 au 12 hajakwama. Anapumzika, anavuta kiini na damu iliyo kwenye utando. Ukimvua ganda wakati huo utaona damu. Wifi aliwavua wanne, na wawili kati yao mpaka leo wanatembea miguu imepinda.

Bibi yangu wa Kibosho aliweka mayai kwenye majani makavu ya migomba jikoni, kuku akapanda, na kufikia siku ya 21 hapo jikoni hapapitiki kwa vifaranga. Hakuwa na kipima. Lakini alikuwa na kuku, na kuku hafungui mlango.

Mzunguko wa tatu: tukaacha kubahatisha

Niliporudi Moshi nilikosa usingizi. Mara ya kwanza maji yamezidi, mara ya pili yamekosekana, na kila mara tulikuwa na sababu nzuri. Mvua ya nje haikutuambia kitu, na ukungu ulisema uongo. Kipima nacho kilidanganya. Tulihitaji kuuliza yai lenyewe.

Na yai linajibu, kwa uzito. Katika siku 18 yai zuri hupoteza kati ya asilimia 11 na 14 ya uzito liliokuwa nao siku ya kuingizwa, na karibu yote hayo ni maji. Ukilipima njiani unajua kama liko kwenye mstari. Nilikuwa nimelijua hilo miaka mingi, nililisikia kwa bwana mifugo, nikaliona ni mambo ya wenye mashine za mayai elfu kumi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja wifi alikuwa nayo muda wote, ya kupimia unga wa keki.

Mwezi wa nane nikaenda nikakaa siku mbili. Kwanza tuliitoa mashine stoo, tukaiweka koridoni katikati ya nyumba, ambako usiku hakupoi sana. Matundu yote manne wazi. Kisha tukakifufua kile kipima kutoka kwenye droo na kukipa mtihani wa chumvi: kifuniko cha soda kimejazwa chumvi ya mezani, matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito (isiyeyuke), ukakiweka pamoja na kipima ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, ukaacha usiku kucha mahali pasipo jua. Ndani ya kopo unyevu lazima utulie kwenye asilimia 75, iwe Arusha, iwe Tanga. Asubuhi kilisoma 61.

Chini kwa 14! Ile 52 ya masika huenda ilikuwa 66 au karibu na hapo, ndani ya matundu yaliyozibwa. Sikusema tena kitupwe. Tuliandika "+14" kwa kalamu ya wino juu yake, tukijua kosa hilo si lazima liwe sawasawa kwenye kila namba, na tukakichukulia kama jirani mwenye chumvi nyingi kwenye maneno: unamsikiliza, kisha unathibitisha.

Mayai 60. Katika hayo tulichagua 12, tukayaandika namba kwa penseli, tukapima kila moja na kuandika kwenye daftari. Siku ya 7 mawili yalikutwa hayana mbegu, tukayafuta pamoja na namba zake, kwa hiyo hesabu ninayoitoa hapa ni ya yale kumi. Siku ya kuingizwa yalikuwa na gramu 524. Tukilenga asilimia 12.5, yanatakiwa kupungua gramu 65 au 66 hadi siku ya 18, yaani 22 hivi kwa kila siku sita.

Tulianza na sahani moja. Siku ya 6 wifi alinipigia kabla ya jogoo: gramu 496. Yamepungua 28. Kwa mwendo huo siku ya 18 yangefika asilimia 16, na tungerudi kwenye gunia. Akaongeza chombo cha pili, lakini si sahani kubwa. Bakuli la chai. Hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi: wanaongeza kina cha maji. Kina hakifanyi kitu zaidi ya kukupunguzia safari za kujaza. Mvuke unatoka kwenye uso wa maji, kwa hiyo ukitaka unyevu uongezeke tanua uso, au weka sponji inayochungulia nje ya maji, au kitambaa. Ukitaka upungue, punguza uso. Matundu ya hewa uyaache yafanye kazi yake ya hewa.

Siku ya 8 ikatokea tafrani. Saa kumi usiku wifi kaamka, kioo cha mlango kinatiririka maji. Akanitumia picha, na ujumbe wa sauti wa kulia: "Wifi, tumezama tena!" Alikuwa tayari ameshika bakuli la kulitoa.

Nilimwambia asubiri, apime yale kumi kwanza. Gramu 489. Kwa siku mbili yamepungua 7, kama inavyotakiwa kabisa. Kioo hakikuwa kinasema habari za mayai, kilikuwa kinasema habari za koridoni. Hewa ya nyuzi 37.5 yenye unyevu wa asilimia 50 inaanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini. Kioo chembamba usiku wa Ngaramtoni kiko chini ya hapo, kwa hiyo kitatoka jasho hata unyevu ukiwa sawa kabisa. Kwangu Pasua mwezi wa pili kioo kikitoka jasho ni dalili ya kutisha. Kwake ni usiku wa kawaida. Alibandika kipande cha blanketi juu ya kioo kwa nje, jasho likapungua, na usingizi ukarudi kwa familia mbili.

Siku ya 12: gramu 475. Siku ya 18: 457. Jumla yamepungua 67, asilimia 12.8. Alipomulika kwa tochi, chumba cha hewa kilikuwa kimeinama kwa mshazari kama kilemba, na kivuli cha mdomo kinapigapiga pembeni yake. Hiyo ndiyo picha unayotaka kuiona kabla ya kufunga mashine kwa siku tatu za mwisho.

Kufunga kwenyewe tulikufanya hivi: kugeuza kukaisha, mayai yakalazwa juu ya wavu, sahani ya pili ikarudi ikiwa na sponji mbili, maji ya uvuguvugu ili joto lisishuke ghafla. Kipima kikapanda hadi 56, ongeza 14 unapata 70. Na mpira mwembamba ule wa dripu ukapitishwa kwenye tundu la chini hadi kwenye sahani, ili akitaka kuongeza maji asifungue mlango. Huo ulikuwa ubunifu wake, mimi sikuhusika, na sasa nimeuiga.

Funguo ya mlango alimpa shemeji, akaenda nayo kazini.

Yaliyofika mwisho yalikuwa 50, kwa kuwa manane hayakuwa na mbegu na mawili yalikufa mapema. Wakatoka 43. Yale saba niliyapasua kwa simu, wifi akiwa na kijiko na mimi nikimwongoza kwa video: wawili vichwa vyao vilikuwa upande mwembamba, jambo ambalo maji hayalisababishi wala hayaliponyi, mmoja alikuwa amekufa tangu siku ya 15 hivi kwa ukubwa wake, wanne hawakuwa na dalili ya kuzama wala ya kukauka, na sitaki kuwatungia sababu.

Upande wa Pasua

Jambo moja lilibaki linaniwasha. Kama sahani mbili zilikuwa nyingi mno kwa wifi, na hewa ya Moshi ikiingia kwenye mashine haina mvuke pungufu sana kuliko ya kwake wakati wa masika, kwa nini kwangu zilikuwa sawa? Kwa miaka yote nimekuwa nikitotoa kama 70 katika kila mayai 100 yenye mbegu, na zile 30 nilimsingizia jogoo, nikabadilisha majogoo wanne.

Mwezi wa kumi nilinunua mizani sokoni, nikaandika namba kwenye mayai kumi, nikajaza sahani zote mbili kama kawaida yangu. Siku ya 6 yalikuwa yamepungua gramu 14.

Nikatoa sahani moja, nikampigia wifi.